Zamu ya Maji ya Shule

Kila alfajiri, kabla moshi wa majiko haujapanda juu ya migomba, Yudith alimsikia baba yake akikohoa uani, akichukua jembe na kushika njia ya kwenda kwenye ndiva. Ndiva ni bwawa dogo la mawe na udongo, ambalo Wapare wamelichimba milimani kwao tangu enzi za mababu. Jioni huzibwa ili maji ya kijito yajae usiku kucha. Asubuhi huzibuliwa, maji yakateremka mferejini kwenda mashambani kwa zamu. Anayeziba na kuzibua ni mtu mmoja tu, na wengine hawakanyagi pale. Akisema imejaa, imejaa. Akisema haikujaa, basi unarudisha jembe lako nyumbani, wala humwulizi swali.

Mtu huyo alikuwa Aminieli, baba yake Yudith. Na Yudith, msichana wa darasa la sita, alikuwa akiringa naye waziwazi, msinielewe vibaya, alikuwa na haki ya kuringa. Watu wazima wenye mvi walimngoja baba yake aseme neno ndipo walime. Hakuna aliyewahi kumkuta amempendelea ndugu wala kumpunja jirani.

Shule yao ilikuwa mlima wa pili ukitokea kijiji cha Mhezi. Masika ya mwaka ule ukuta wa darasa la sita, uliokuwa wa miti na udongo, ulilala chini mchana kweupe, bahati nzuri watoto wakiwa wametoka kucheza. Tangu siku hiyo darasa la sita lilisomea barazani kanisani. Upepo ulipovuma, madaftari yaliruka hadi kwenye kahawa za mchungaji, na watoto wakayakimbilia huku wakicheka. Mvua iliponyesha hawakucheka, maana walirudishwa nyumbani.

Ilikuwa miaka ile migumu. Kahawa ilikuwa imeanguka bei, na ushirika ulikuwa ukiwapiga wakulima danadana. Kule Same mjini maduka yalijaa sabuni za kila rangi na mitumba ya Ulaya, lakini mifuko ya watu ilikuwa mitupu. Serikali nayo ilishasema wazi kwamba shule zijengwe kwa nguvu za wazazi. Matofali ya kuchoma yalitaka kuni, na kukata miti ya msitu ulioko juu yao kulikatazwa. Darasa lingejengwa kwa kitu gani?

Ndipo alipokuja Fundi Isihaka. Alikuwa kijana mrefu mwenye maneno machache, mtoto wa vibarua wa mkonge huko tambarare, naye alikuwa ametoka kusomea mbinu mpya ya ujenzi ambayo serikali ilitaka ienee nchi nzima. Alikuja na kalibu za mbao na chuma, yaani maumbo ya kumwagia zege, zimefungwa juu ya Landrova.

"Ukuta tutaumwaga chini, vipande vipande," aliwaambia wazazi waliokusanyika. "Mabamba ya zege, kila moja linabebwa na watu wanne. Nguzo nazo tunazimwaga chini, zina mifuo pembeni, mikato ya kupokea mabamba. Vikishakomaa, tunasimamisha nguzo, tunateremsha mabamba kwenye mifuo. Kwa siku moja ya msaragambo darasa linasimama."

Msaragambo ni kazi ya pamoja ya Wapare. Pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu. Mzee Gregori, mkubwa wa wazee wa kijiji na ndiye mpiga pembe, alijikuna kidevu.

"Yaani ukuta unazaliwa chini, halafu unabebwa mgongoni kama mtoto?"

"Hivyo hivyo, mzee wangu."

Watu wakaangua kicheko, na tangu siku hiyo jengo likaitwa nyumba ya kupachika. Hata hivyo walikubali. Fundi aliwaeleza jambo moja zaidi: kijiji chao kilikuwa cha kwanza huku milimani. Darasa likisimama vizuri, vijiji vingine vingefuata. Likishindikana, kalibu zingeshushwa Lembeni, huko tambarare, na wao wasingeziona tena.

Wazazi walichekecha mchanga na kugonga kokoto, mabamba yakamwagwa. Yalipotolewa kwenye kalibu na kupangwa chini ya majani makavu nyuma ya shule, Fundi Isihaka aliwaita wanafunzi wa darasa la sita.

"Mimi nateremka Same, kuna kazi nyingine inanisubiri. Mabamba haya ni yenu. Zege ni kama mtoto mchanga, siku za mwanzo linanyonya. Asubuhi na jioni mlimwagie maji mpaka majani yote yalowe. Likikauka upesi halikomai. Nani kiongozi?"

"Yudith!" watoto wakapiga kelele. "Baba yake ndiye mwenye maji!"

Kweli kijiji kilikuwa kimeipa shule zamu yake. Wakulima wakishamaliza, saa nne asubuhi maji ya mwisho ya ndiva yalipaswa kuteremka mpaka nyuma ya shule. Yudith alimwamkia fundi kwa heshima, akasema, "Usiwe na wasiwasi, fundi. Yatalowa."

Siku ya kwanza maji yalikuja. Siku ya pili yakaja kidogo. Siku ya tatu mfereji ulikuwa mkavu mpaka vyura wameondoka.

"Baba, leo maji ya shule hayakufika," Yudith alisema jioni.

Aminieli alikuwa akisugua matope miguuni. Hakuinua uso. "Ndiva haikujaa, mwanangu. Kiangazi hiki ni kikali."

Kesho yake ikawa hivyo hivyo, na keshokutwa. Watoto walichota kwa ndoo ndogo kutoka chemchemi ya bondeni, wakapanda mlima ule mkali wakihema, na maji waliyofika nayo hayakutosha hata mabamba ya juu. Upepo wa kiangazi ukayakausha palepale.

Abednego, mvulana mwenye ulimi mwepesi darasani, akatua ndoo yake. "Mimi nasema tukaangalie kwenye ndiva. Mama yangu jana alimwagilia maharage yake mpaka yakaogelea. Iweje ndiva haijai kwetu tu?"

"Baba amesema haikujaa," Yudith akajibu.

"Baba yako naye ni mtu kama watu."

Weee! Yudith alimrukia. Walivingirishana kwenye majani mpaka wenzao wakawaachanisha, Abednego shati limechanika, Yudith mdomo unavuja damu.

"Baba yangu hasemi uongo!" alipiga kelele. "Mnasikia? Hajawahi, na hasemi!"

Hapakuwa na mtoto mwingine aliyethubutu kulitaja jambo hilo.

Siku ya msaragambo ilifika. Pembe ya Mzee Gregori ililia, wanaume wakaja, kina mama wakaja na ndizi za kupika. Fundi Isihaka alisimamisha nguzo, kisha wanaume wanne wakainama kwenye bamba la kwanza. Waliliinua mpaka magotini. Likalia kah! likakatika katikati, na kipande kimoja kikamwangukia mwanamume mmoja karibu na kidole cha mguu. La pili likakatika. La tatu halikungoja hata kuinuliwa vizuri, pembe zake zilimomonyoka mikononi mwa watu kama mkate wa jana.

"Hii ndiyo nyumba yenyewe?" mama mmoja aliuliza. "Tungewaweka watoto wetu humu?"

Fundi Isihaka alichuchumaa, akakisugua kipande kwa kidole gumba. Vumbi likatoka. Akamtazama Yudith. "Mlimwagilia?"

"Tulimwagilia yaliyokuwepo," Yudith alisema. "Ndiva haikujaa, fundi."

Kabla fundi hajajibu, sauti nyingine ikapaa katikati ya watu, nayo ilikuwa ya Aminieli.

"Usisingizie maji! Jengo bovu ni bovu tu. Mimi tangu mwanzo nilisema moyoni, huyu ni tapeli. Ametuletea mchanga mwingi na simenti kiduchu, sasa anatafuta pa kuegemea. Achukue masanduku yake aende!"

Watu wakaitikia. Lo, ilikuwa rahisi kuitikia, maana walikuwa wamechoka na wana hasira. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Eliufoo, alijaribu kuwatuliza asisikike. Fundi Isihaka hakubishana. Alijipangusa mikono, akasema gari litakuja kesho asubuhi kuchukua kalibu.

Yudith alibaki nyuma ya shule, ameketi juu ya mabamba mabovu. Abednego akamsogelea.

"Umefurahi?" Yudith alimwuliza. "Umekuja kunicheka?"

"Sijaja kukucheka. Fundi alikuwa mtu mzuri, basi."

Yudith akasimama. "Twende. Tufuate mfereji mpaka juu. Utaona mwenyewe jinsi ulivyo mkavu wote, kisha utaomba radhi kwa sababu ya baba yangu."

Walipanda. Mfereji ulikuwa mkavu kweli, na kila walipokanyaga changarawe Yudith alimwambia mwenzake, "Unaona? Unaona?" Wakapita shamba la mchungaji, wakapita mti uliopigwa radi. Walipofika kwenye kona ya mwamba wakasikia maji.

Mfereji ulikuwa umezibwa. Kigogo cha mgomba kilikuwa kimelazwa kati, kikashindiliwa udongo na mawe kwa ustadi wa mtu anayejua kazi. Maji yote yaliyopaswa kwenda shuleni yalikata kulia, yakapita kwenye mfereji mpya uliochimbwa juzijuzi, na kuingia katika shamba la nyanya. Nyanya zilikuwa zimenawiri, zimefungwa vijiti, udongo wake mweusi umelowa. Jembe lilikuwa limelazwa ukingoni. Mpini wake ulikuwa na kiraka cha bati alichokipigilia Yudith mwenyewe, baba akimshikia.

Yudith hakulia hapo. Alisimama tu, akawa anakumbuka mambo moja moja. Baba akisugua matope miguuni. Matope! Kiangazi chote kikavu, na miguu ya baba ina matope. Akakumbuka mdomo wake ulivyovuja damu. Alikuwa amepigana kwa ajili ya uongo, na aliyempa uongo huo alikuwa amemtazama akila ugali usiku ule, mdomo umevimba, asiseme kitu.

"Sitasema kwa mtu," Abednego alinong'ona.

"Nenda nyumbani, Abednego," alisema. Ndipo akalia, baada ya mwenzake kutoweka migombani.

Alipofika nyumbani jua lilikuwa bado lipo. Mama yake alikuwa akipukuchua maharage uani, baba ameketi kwenye gogo akinoa panga. Yudith hakuamkia. Katika nyumba ile hilo halikuwa jambo dogo, na mama aliinua uso mara moja.

"Baba," alisema, "nimetoka kwenye nyanya."

Panga likaacha kunolewa.

"Kwa nini uliniambia ndiva haikujaa?"

"Keti chini kwanza."

"Siketi! Uliniambia mimi, nami nikawaambia wenzangu. Nikamwambia fundi. Nimepigana na mtu kwa ajili yako, baba! Na leo umesimama mbele ya kijiji kizima ukamwita mwenzako tapeli, na mimi nipo pale, nimekusikia, na wewe unajua!"

"Aminieli," mama akasema polepole, "mtoto anasema nini?"

Aminieli alitazama mikono yake. "Kahawa imetutupa," alisema. "Malori ya wanunuzi yanakuja kuchukua nyanya. Nikasema, nikipata mavuno haya mara moja tu... Halafu lile zege, mimi nilijua ni kama tofali la udongo. Tofali lipate jua, likauke, ndipo liwe gumu. Maji si yanaliharibu? Nikajiambia, hapa sijamdhuru mtu."

"Hukujua habari ya zege," Yudith alisema. "Lakini ndiva ulijua kwamba imejaa."

Baba aliliweka panga chini.

"Kesho asubuhi gari linachukua kalibu. Nataka useme wewe, baba. Usiposema, nitasema mimi. Nami sitaki niwe mimi."

Aliingia ndani akajifunika khanga. Mama alimletea chakula akakikataa.

Asubuhi Landrova ilikuwa imesimama mbele ya shule, na kalibu mbili tayari zimefungwa juu yake. Mwalimu Eliufoo alikuwa akimuaga fundi kwa aibu, na watu kadhaa walikuwa wamekuja kushuhudia. Yudith alisimama pembeni. Alitazama njia. Hakuna mtu. Akafungua kinywa, akapiga hatua moja mbele.

Ndipo baba yake akatokea migombani. Alikuwa amebeba begani mti mrefu, mweusi kwa maji, ncha yake imefungwa vitambaa. Wazee wakashtuka. Ulikuwa mti wa kuzibia ndiva, na haukuwa kitu cha kutembezwa barabarani. Aminieli aliulaza miguuni pa Mzee Gregori.

"Ndiva ilijaa," alisema. "Kila siku ilijaa. Maji ya shule niliyageuza kwenye nyanya zangu. Mabamba yalikufa kwa kiu, na mimi ndiye niliyeyanyima. Watoto walidanganywa na mimi, fundi alisingiziwa na mimi. Nimeurudisha mti. Sistahili kuushika."

Kelele zilizozuka hapo, jamani, hata dereva alizima injini asikie. Kuiba maji! Na mwizi ni mlinzi wa maji! Wengine walitaka atozwe mbuzi kama desturi ya zamani, wengine hawakutaka hata kumwona. Mzee Gregori akainua mkono.

"Mbuzi hatajenga darasa. Zamu yako ya maji ni ya shule mpaka kazi iishe. Na mabamba utayamwagilia wewe, kwa ndoo na kwa mfereji, asubuhi na jioni. Mti huu ataushika mwingine."

"Nyanya zitakauka," mtu mmoja akasema.

"Zikauke," Aminieli akajibu. Kisha akamgeukia Isihaka. "Fundi, jana nilikuita tapeli mbele za watu. Mbele za watu hawa hawa nasema nimekukosea. Naomba radhi, na naomba usiondoke."

Fundi Isihaka alizitazama kalibu zilizofungwa juu ya gari. Uso wake haukulainika haraka, wala sitawadanganya kwamba ulilainika.

"Liliniuma," alisema. "Na wenzako hawakuhitaji hata ushahidi, waliitikia tu." Watu wakatazama chini. "Nami nina kosa langu. Habari ya maji niliwaeleza watoto, wazazi sikuwaeleza. Nilidhani kila mtu anajua zege linakunywa, kumbe mmezoea udongo." Akamwambia dereva, "Fungua kamba."

Bamba lililokufa halizibwi nyufa. Yote yalivunjwa, vifusi vikatandazwa chini ya sakafu. Saruji iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya sakafu ikatumika kumwaga mabamba mapya, kwa hiyo darasa lingekuwa na sakafu ya udongo mpaka mwaka mwingine. Hiyo ndiyo hasara iliyobaki, na kila mtoto aliyechafuka miguu alijua ilikotoka.

Aminieli alimwagilia. Alipita na ndoo mbele ya watu waliokuwa wakimngojea aseme neno ndipo walime, na sasa baadhi yao hawakumwamkia. Nyanya zake zilinyauka, zikaning'inia vijitini. Nyumbani Yudith alimwambia "shikamoo" na "karibu chakula", basi. Zile hadithi za ndiva alizokuwa akimwomba kila jioni hakuziomba.

Jioni moja baba alirudi akatua ndoo. "Nimemwagilia yote," alisema.

Yudith alimtazama. Akaondoka, akateremka hadi shuleni, akaingiza kiganja chini ya majani, bamba la kwanza mpaka la mwisho. Alipogeuka alimkuta baba yake amesimama nyuma yake. Amemfuata. Yudith alijiandaa kukemewa.

"Yamelowa?" baba akauliza.

"Yamelowa."

"Vizuri. Na kesho uje uyashike."

Akaja kesho, akaja na keshokutwa. Baba hakumkataza hata mara moja.

Pembe ililia tena. Wanaume wanne waliinama, mmoja wao Aminieli, wakaliinua bamba la kwanza mpaka magotini, mpaka kifuani, mpaka juu ya nguzo. Bamba likateremka kwenye mifuo, likatua. Fundi Isihaka akalipiga ngumi, nalo likajibu kwa sauti ya jiwe. Vigelegele vilisikika mpaka ng'ambo ya bonde. Kufikia jioni kuta nne zilikuwa zimesimama, na mgeni mmoja kutoka kijiji jirani alikuwa akimdadisi fundi lini kalibu zitakuwa huru.

Mwalimu Eliufoo aliwakusanya wanafunzi ndani ya darasa jipya lisilo na paa bado. "Mmeona wenyewe," alisema. "Njia mpya haikuwa mbaya, ila haikupewa haki yake. Mwizi wa maji aliiba maji ya siku chache tu, lakini uongo wake ulivunja mabamba yote, ukamchafua mtu asiye na kosa, ukawagombanisha ninyi kwa ninyi. Kazi ya pamoja inasimama kila mtu akiwa mkweli katika sehemu yake, hata ile ambayo hakuna anayekwenda kuitazama."

Abednego alimpiga Yudith kikumbo kidogo. "Shati langu bado halijashonwa," alinong'ona, na Yudith akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku zile.

Njiani kurudi nyumbani alitembea nyuma ya baba yake, kama alivyozoea zamani. Walipofika kwenye kona ya mwamba, mahali pale kilipokuwa kigogo cha mgomba, Aminieli alisimama.

"Zamani ukiniuliza kitu, nikikujibu, ulikuwa huendi kuangalia," alisema. "Nilikuwa na kitu kikubwa sana mkononi, nikakibadilisha kwa nyanya. Sikuombi unirudishie, mwanangu. Hakiombwi. Lakini kila siku nitakuambia kweli, nawe kila siku nenda ukaangalie, mpaka siku utakayochoka kuangalia."

Yudith alitazama mfereji. Maji yalikuwa yakipita kimya kuelekea shuleni.

"Bado sijachoka, baba," alisema.

"Najua," baba akajibu, na wakaendelea kupanda.